SOMO LA FAMILIA: MKUNGU WA NDIZI UNAPOTEA WAPI KATI YA SHAMBA NA SAHANI?

Somo la mwezi huu linahusu chakula ambacho hakuna nyumba isiyokijua: ndizi. Sisi tunaoishi hapa Isingiro, katika makazi ya Nakivale na Oruchinga, tumezungukwa na migomba. Wengi wetu pia tuliacha migomba yetu Masisi, Rutshuru, Walungu, Cibitoke au Ngozi. Kwa hiyo somo hili si geni kwetu. Litasomwa katika vikundi vya nyumbani, na baba na mama wanaombwa kuwashirikisha watoto.

Shabaha ya somo

Baada ya somo hili kila familia iweze:
1. Kueleza safari ya ndizi tangu shambani hadi kwa mlaji.
2. Kutaja sehemu ambazo ndizi, fedha, rutuba na kuni hupotea njiani.
3. Kuchagua jambo moja la kuanza nalo wiki hii nyumbani.

1. Maneno mawili ya kuelewa kwanza

Neno la kwanza ni *nyayo za kaboni*. Mtu akipita kwenye udongo wenye maji huacha nyayo. Hata akiwa amekwisha kwenda, unajua kwamba alipita. Vivyo hivyo kila kitu tunachokula kimeacha nyayo hewani. Lori lilichoma mafuta, jiko lilichoma makaa, maganda yalioza, na kila mara gesi zilipanda angani. Gesi hizo huzuia joto la dunia lisitoke, ndiyo maana huitwa gesijoto. Iliyo nyingi kuliko zote ni kabonidayoksaidi, inayotoka penye moto na penye injini. Nyingine ni methani, inayotoka penye uozo usio na hewa, kama katikati ya jalala kubwa. Kilo moja ya methani hushika joto kama mara 28 kuliko kilo moja ya kabonidayoksaidi, ukihesabu kwa muda wa miaka 100.

Neno la pili ni *upotevu*. Wataalamu hutenganisha mambo mawili. Kuna chakula kinachopotea kabla ya kufika dukani: shambani, njiani na ghalani. Kuna pia chakula kinachotupwa na wauzaji na walaji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na duka. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilihesabu kwamba mwaka 2022 wauzaji, mahoteli na familia walitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Katika kila kilo 100 zilizotupwa, kilo 60 zilitoka majumbani, 28 katika mahoteli na sehemu za kulia chakula, na 12 madukani. Upotevu wote pamoja unakadiriwa kutoa asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto zote zinazotolewa na wanadamu.

Huenda mtu atauliza, “Mimi mkimbizi sina gari, sina kiwanda, wala sijawahi kupanda ndege ila kwa kuota. Hayo yananihusu nini?” Ni swali la haki. Ni kweli kwamba familia za makazi haya si zile zilizoijaza anga gesi, na somo hili halikuja kumtwisha mtu mzigo wa hatia usio wake. Lakini angalia jambo hili: tundu linalotoa gesi kwenda angani ndilo tundu lile lile linalotoa fedha mfukoni, rutuba shambani na miti mlimani. Ukiliziba, wewe ndiwe wa kwanza kupata faida.

Na wakati huu faida hiyo si ya mchezo. Mwezi wa Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liligawa familia za wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu ya mahitaji, na mwaka 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa katika msaada huo. Kwa nyumba iliyopunguziwa chakula, mkungu mmoja unaooza ni mlo wa watoto.

2. Hatua ya kwanza: shambani

Mkulima mdogo wa Isingiro hutumia mbolea ya dukani kidogo sana au hatumii kabisa. Hanyunyizi dawa kwa ndege, kama inavyofanyika katika mashamba makubwa ya ndizi ya Amerika ya Kusini na ya Kati kupambana na ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Kwa hiyo nyayo za kaboni za mgomba wetu shambani ni ndogo. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini shambani ndipo upotevu unapoanza. Adui mkubwa ni mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu ulionekana Mukono, hapa Uganda, mwaka 2001, na mwaka huo huo ukaonekana Masisi, Kivu ya Kaskazini. Walio na umri wanakumbuka jinsi mashamba mazima yalivyokauka. Dalili zake ni hizi: majani yanageuka manjano na kunyauka kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, tena bila mpangilio, ukikata ndizi unakuta ndani ni kahawia, na ukikata shina unaona utomvu wa manjano ukitoka.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyiza, bali una kinga ambazo hazigharimu fedha nyingi:

- Lile ua la zambarau linaloning’inia mwishoni mwa mkungu liondolewe mara chana cha mwisho kinapotokea. Wadudu hulifuata na kuleta ugonjwa. Liondoe kwa kulisokota na mti wenye panda, usitumie panga.
- Panga lililokata mgomba mmoja lisikate mwingine kabla ya kupashwa moto vizuri au kuoshwa kwa jiki.
- Mgomba ulioonyesha dalili ukatwe mara moja usawa wa ardhi, usiachwe uambukize mwingine.
- Usipokee wala kupanda machipukizi usiyojua yametoka shamba gani.

Mgomba mmoja ukifa baada ya kulimiwa mwaka mzima, ni jasho la mwaka mzima limekufa. Hapo hakuna lori wala soko la kulaumu.

3. Hatua ya pili: barabarani

Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita kama 270. Kila siku malori hupita njia hiyo yakiwa yamejaa matoke. Watu wengi wakisikia habari za nyayo za kaboni hufikiri kwamba lori ndilo lenye dhambi yote. Hebu tupige hesabu wenyewe. Watoto wa darasa la sita wanaweza kusaidia.

Tuchukue mfano wa lori linalobeba tani 10, yaani mikungu 500 ya kilo 20 kila mmoja. Tuseme linatumia lita 30 za dizeli kwa kila kilomita 100. Kwa kilomita 270 litatumia lita 81. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kabonidayoksaidi kama kilo 2.7. Zidisha: lita 81 hutoa kilo 219 hivi. Gawanya kwa kilo 10,000 za ndizi: kila kilo ya ndizi imebeba gramu 22 tu. Hata tukihesabu lori linaporudi tupu, hatufiki gramu 45.

Basi lori si mkosaji mkubwa kama tulivyodhani. Hata duniani kwa jumla, usafirishaji ni sehemu ndogo tu ya gesi zinazotokana na chakula, kama asilimia 6. Ndizi za Ecuador, nchi inayouza nje ndizi nyingi kuliko zote, huvuka bahari hadi Ulaya katika meli zenye baridi ya nyuzi 13 hivi, na bado nyayo zake za safari ni ndogo, kwa sababu meli hubeba mzigo mwingi sana kwa mafuta machache. Hali hubadilika mzigo unapopanda ndege. Tani moja ikisafiri kwa ndege hutoa gesi kama mara 50 kuliko ikisafiri umbali ule ule kwa meli. Ndizi ndogo tamu zinazopelekwa Ulaya kwa ndege kutoka Entebbe zina safari nzito kuliko zile za meli.

Lakini tazama tena lile lori letu la Kampala. Maganda ya matoke huwa karibu theluthi moja ya uzito wake au zaidi, na bua la katikati ya mkungu lina uzito wake pia. Yaani katika zile tani 10, zaidi ya tani 3 ni vitu ambavyo hakuna atakayevila. Lita 27 au zaidi za dizeli zilitumika kusafirisha takataka kwenda mjini! Na tajiri wa lori hatoi fedha hizo mfukoni mwake. Anazikata katika bei anayompa mkulima.

Upo upotevu mwingine njiani. Mikungu hurushwa, hukaliwa na wapakiaji, hubanwa chini ya mingine, huchomwa na jua. Ndizi iliyojeruhiwa hutoa kwa wingi gesi inayoitwa ethilini, ambayo huivisha. Ethilini hiyo huzifikia jirani zake nazo zinaiva. Ndiyo maana mkungu mmoja uliopondeka unaweza kuharibu kumi. Ikiwa mkungu mmoja katika kila mitano ya lori letu utaharibika, hiyo ni mikungu 100, yaani tani 2. Tuseme mkungu ni shilingi 15,000: zimepotea shilingi 1,500,000 katika safari moja. Na kila tone la dizeli, kila siku ya palizi na kila tone la mvua lililokuwa ndani ya mikungu hiyo, vyote vimekwenda bure.

Nini kifanyike? Wale wanaouza wanaweza kufanya haya:

- Vuna asubuhi mapema au jioni, na mikungu ikae kivulini, isikae kando ya barabara juani ikingoja mnunuzi.
- Usivune kabla hujapatana na mnunuzi. Mkungu uliokomaa unavumilia siku chache juu ya mgomba kuliko chini.
- Tandika majani makavu ya migomba chini na kati ya mikungu. Asiketi mtu juu ya mzigo.
- Tenga zilizopondeka na zilizoanza kuiva. Ziuzwe au zipikwe hapa hapa, zisipande lori.
- Uzeni kwa kikundi. Tajiri wa lori akikuta mikungu 50 mahali pamoja, hana sababu ya kuzunguka siku mbili huku ya kwanza ikiiva.

4. Hatua ya tatu: mjini

Yale maganda yaliyosafiri kilomita 270 huishia wapi? Mengine hulishwa ng’ombe na mbuzi wa mjini, na hilo ni jema. Mengi huingia kwenye taka. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni vitu vinavyooza: maganda, majani, mabaki ya chakula. Tangu mwaka 1996 taka hizo zilikuwa zikimwagwa Kiteezi, kaskazini mwa jiji, hadi zikawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka juu ya nyumba za watu. Watu wasiopungua 30 walikufa, watoto wakiwamo. Wengi wa waliokaa karibu na pale walikuwa watu wa hali ya chini, waliopata riziki kwa kuokota vya kuuza katika taka hizo.

Tusitaje jambo hili kama hadithi ya mjini tu. Ganda la ndizi shambani ni mbolea. Ganda hilo hilo likifukiwa chini ya mlima wa taka, pasipo hewa, hutoa methani. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Mgomba hula potasi nyingi sana kutoka ardhini, na sehemu kubwa ya potasi hiyo hukaa kwenye ganda na bua. Kila lori linaloondoka Isingiro linabeba rutuba ya Isingiro, na rutuba hiyo hairudi. Mkulima anabaki akishangaa kwa nini mikungu ya sasa ni midogo kuliko ya baba yake. Shamba lake limehamia jalalani kidogo kidogo.

Kwa sababu hii, kumenya na kukata matoke huku huku na kupeleka mjini kitu kinacholiwa tu, ni wazo jema kwa vikundi vyenye uwezo. Njia nyingine ni unga. Mwaka 2005 serikali ya Uganda ilianzisha mradi wa viwanda vya ndizi huko Bushenyi, ambao unga wake wa matoke hujulikana kwa jina la Tooke. Unga haupondeki, hauivi, wala haubebi maganda.

5. Hatua ya nne: jikoni

Sasa tumefika nyumbani, na hapa ndipo penye mshangao wa somo hili. Tulisema safari ya lori ni chini ya gramu 45 kwa kilo ya ndizi. Tuseme mama anapika kilo 4 za matoke kwa kilo moja ya makaa. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa kabonidayoksaidi kama kilo 3. Gawanya kwa 4: kila kilo ya ndizi imepata gramu 750. Hiyo ni zaidi ya mara 16 ya safari yote ya lori kwenda na kurudi!

Tena hatujahesabu mti wenyewe. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya makaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Ni kweli kwamba mti mpya ukimea mahali pa ule uliokatwa, utairudisha ile hewa. Lakini mahali ambapo miti hukatwa wala haipandwi, haina wa kuirudisha. Sote tunajua jinsi vilima vya karibu vilivyobaki vipara, jinsi mama na binti zetu wanavyokwenda mbali kutafuta kuni, hatari zinazowapata huko, na magomvi na wenyeji wetu yanayotokana na kuni. Kwa hiyo mama anayepunguza kuni analinda binti yake, anaokoa fedha na anadumisha amani na jirani, kabla hata hatujazungumzia anga.

*Kikapu cha joto.* Chukua kikapu kikubwa. Kitandike ndani kwa majani makavu ya migomba, nguo kuukuu au blanketi chakavu, unene wa kiganja pande zote. Chemsha maharage yaliyolowekwa usiku, au matoke, mpaka sufuria nzima itokote vizuri. Funika, iingize kikapuni haraka, na uifunike juu kwa mto wa nguo. Usifunue hovyo. Chakula kitaendelea kuiva bila moto. Maharage yakiwa bado magumu, yarudishe motoni yatokote tena, kisha yarudi kikapuni.

*Makaa ya maganda.* Anika maganda ya ndizi mpaka yakauke kabisa. Yachome ndani ya pipa lenye mfuniko, hewa ikiwa kidogo, mpaka yawe meusi bila kuwa majivu. Yatwange, changanya na uji mzito wa unga wa muhogo, finyanga mabonge kwa mkono na uyaanike. Angalizo: moto wa makaa ya aina yoyote usiachwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake huua watu wakiwa wamelala.

*Mboji.* Maganda yasiyofanywa makaa wala kulishwa mbuzi yarudi kwenye migomba. Changanya na majani, samadi na majivu, geuza lundo kila baada ya wiki mbili ili hewa iingie. Uozo wenye hewa hautoi methani nyingi kama ule wa jalalani.

6. Ndizi zilizoiva kupita kiasi

Ndizi yenye madoa meusi si takataka. Mama wa Uganda wanatufundisha kabalagala: ndizi ndogo mbivu hupondwa, huchanganywa na unga wa muhogo, husukumwa, hukatwa na kukaangwa. Kadiri ndizi inavyoiva ndivyo kabalagala inavyokuwa tamu bila sukari. Wajane wawili watatu wakishirikiana wanaweza kununua kwa bei ndogo zile ndizi zilizokataliwa na lori na kuzigeuza biashara ya shuleni.

Ndizi mbivu pia hukaushwa. Menya, kata vipande vyembamba, chovya kwenye maji ya limau zisigeuke nyeusi, panga kwenye wavu safi ulioinuliwa kutoka chini, funika na chandarua au plastiki angavu inayopitisha hewa pembeni. Jua kali la siku mbili hadi tatu linatosha. Kipande kiwe laini kama ngozi, kisitoe maji ukikibana. Hifadhi kwenye kopo linalofungwa. Ndizi mbichi nazo hukatwa na kukaushwa hivyo hivyo mpaka zivunjike zenyewe, kisha zikasagwa kuwa unga wa uji.

7. Neno kwa ndugu zetu walio mbali

Gazeti hili huwafikia pia waliohamia Marekani, Kanada na Ulaya. Huko mnakula ndizi za meli. Huko ndizi hupotea kwa sababu nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya huitaka ndizi iwe na urefu usiopungua sentimita 14 na unene usiopungua milimita 27. Zikifika dukani, wanunuzi huacha ile iliyotengwa na wenzake au yenye doa. Zikifika nyumbani, nyingi hutupwa. Basi nanyi mna kazi: chagueni ile ndizi moja iliyoachwa peke yake. Ndizi mbichi msiiweke kwenye friji, maana baridi chini ya nyuzi 13 huiharibu isiive. Ikiisha kuiva mnaweza kuiweka: ganda litakuwa jeusi, ndani itabaki nzuri. Na watoto waliozaliwa huko waelezwe kwamba bibi yao hakuwahi kutupa ndizi.

8. Maandiko yanatuelekeza

Mambo haya si mapya kwa watu wa Mungu. Katika Yohana sura ya 6, baada ya watu kama elfu tano kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki kisije kikapotea kitu, na vikajaa vikapu 12. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate hakuona aibu kuokota vipande. Katika Kumbukumbu la Torati 20:19, Waisraeli walikatazwa kukata miti ya matunda hata wakati wa vita. Sisi tuliokimbia vita tunajua thamani ya amri hiyo, kwa maana tumeona migomba ikifyekwa ili watu wasirudi. Na katika Walawi sura ya 19, mwenye shamba aliagizwa asivune hadi pembezoni wala asiokote zilizoanguka, bali aziachie maskini na mgeni. Ndivyo Ruthu, mwanamke mgeni, alivyopata chakula.

Angalia tofauti iliyopo: kuacha kwa ajili ya mwenye njaa si upotevu, na kuacha kioze huku mwenye njaa yupo jirani ni upotevu. Mizani ya jambo lenyewe ni hiyo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika nyumba yetu, ndizi au matunda hupotea zaidi wapi: shambani, sokoni, ghalani au jikoni?
2. Lori lina nyayo ndogo kuliko jiko. Hilo linatufundisha nini kuhusu kulaumu walio mbali kabla ya kutazama nyumbani?
3. Maganda yetu huenda wapi? Nani angeweza kuyatumia?
4. Ni wajane au wazee gani katika kikundi chetu wangefaidika na ndizi zinazokataliwa na wanunuzi?
5. Wenyeji wetu wana migomba, nasi tuna mikono. Tunaweza kupatana nao vipi kuhusu maganda, mbolea na miti?

Kazi ya wiki hii

Kila kikundi kiazime mizani. Pimeni matoke kabla ya kumenya, kisha pimeni maganda peke yake, na muandike. Pimeni pia makaa mnayotumia kupika siku tatu bila kikapu cha joto, na siku tatu mkiwa nacho. Kiongozi wa kikundi alete hesabu hizo Jumapili ijayo ili zisomwe mbele ya ushirika, pamoja na jina la jambo moja ambalo kikundi kimekubaliana kulianza. Wenye kikapu cha joto tayari wanaombwa kuja nacho, ili akina mama wengine waone kinavyotengenezwa.

Bwana awabariki, naye alinde kazi ya mikono yenu.